Alinipiga Gitaa

Troyeville,
11 Oktoba 2018

Kaka Gichuki mpendwa,

Kabla ya salamu nakusihi: neno lolote la barua hii lisitoke kinywani mwako, hata mbele ya wifi. Natumaini hapo Pretoria hamjambo na kifua cha mtoto kimepona. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Unakumbuka nilivyojivunia ukarani huu kwa Mzee Harkness, Mwingereza wa muziki wa blues. Ameongoza bendi miaka hamsini na mitano. Wapiga gitaa zaidi ya arobaini wamepita mikononi mwake, na baadhi yao wana majina makubwa leo. Mimi ndiye ninayemchapia kitabu cha maisha yake. Kule Hull alimfungia mpiga piano kifuniko juu ya vidole. Hamburg alimng'oa mpiga ngoma meno mawili kwa chuma cha maikrofoni. Husimulia akicheka, akisema blues bila damu ni mchuzi bila chumvi. Nami huchapa.

Jumanne ya wiki iliyopita, mazoezini, Marcellin, mpiga gitaa wetu, kijana wa Bukavu, alichelewa kuingia kwenye wimbo. Mzee akamwambia anapiga kama mtu anayefukuza kuku. Marcellin, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akajibu kwamba jogoo mwenyewe amezeeka, hakimbii. Bendi nzima ikacheka. Mzee akampokonya gitaa, akalishika shingoni, akampiga nalo sikioni. Kijana alipoanguka, akampondaponda mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi, hadi gitaa likapasuka. Nilivisikia vidole vikivunjika, kaka, kwa sababu hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Polisi alipokuja nilitakiwa nitafsiri. Marcellin, damu ikimtoka sikioni, akasema: "Dada, andika: Mzee alinipiga gita, akarudilia mpaka ikavunjika." Mzee alisimama nyuma ya kiti changu, mkono begani mwangu. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba Mzee alimpigia gitaa, akarudia hadi likavunjika, kisha kijana akateleza kwenye ngazi. Kwa Kiswahili, kumpiga gitaa na kumpigia gitaa ni tofauti ya irabu moja. Askari akasoma, akacheka: eish, huyu mzee anapiga kweli! Marcellin akatia sahihi kwa mkono mzima, akaniambia aksanti, Mungu akubariki.

Jana Angélique, mke wa Marcellin, alikuja na nakala ya maelezo yale. Anasoma Kiingereza kidogo. Akaniuliza kwa upole kama Kiswahili chao cha Kongo kilinichanganya, maana kwa maelezo yale kesi itafutwa Jumatatu. Nikasema ndiyo. Akaniomba radhi, kaka. Yeye akaniomba radhi mimi.

Hakikunichanganya. Nilielewa kila neno. Kibali changu cha kazi kinasimama juu ya barua ya Mzee, na ule mkono begani ulikuwa ukikaza polepole. Nikachagua vidole vyangu.

Asubuhi hii nimekwenda kituoni nikaandika upya, nikatia jina langu kamili. Wakili wa Mzee atapewa nakala leo.

Msalimie wifi, umbusu mtoto. Simu nimeiacha ofisini, usiipigie. Kuanzia leo usiku nitakuwa Malvern kwa Thérèse, msusi wa Jules Street, mlango wa nyuma, kando ya duka la matairi. Gonga, useme umeleta nywele za kusukia. Akikwambia sipo, usipoteze muda kunitafuta. Nenda mahakamani Jumatatu saa tatu, maelezo yangu yakisomwa usimame, uape kwamba mwandiko ule ni wangu.

Mdogo wako,
Monicah