Karatasi ya Mahudhurio

Kaka yangu,

Huku tupo. Mama bado anagombana na redio, na cherehani yangu imepona. Usihangaike kutuma kitu.

Uliuliza habari za ule mtambo wa nyuklia ambao kampuni inataka kuujenga hapa kwetu. Siku ya mkutano wao wa kukusanya maoni nilipita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu. Hata kinyozi, yule asiyefunga kibanda hata kukiwa na msiba, alikuja. Nikakaa mlangoni na karatasi ya mahudhurio, kila anayeingia namwambia, "Weka saini, wajue tuko wengi." Ukumbi ukajaa, tukakataa kwa sauti moja.

Jana nimeiona ripoti ya kampuni. Tuliyoyasema hayamo hata neno moja. Karatasi yangu imo, na juu yake wameandika, "Wakazi waliokubali." Wakili niliyemwendea amesema: saini ni zetu kweli, tutamshtaki nani?

Kinyozi hanisalimii tena. Mama hajaambiwa. Kila asubuhi anauliza kama tumeshinda, namjibu bado wanajadili.

Alama ya kwanza kwenye karatasi ni dole gumba la Mama. Mkono ulikuwa unamtetemeka, nikaushika mimi, nikamgandamizia.

Ni mimi,
dada yako