Nusu ya Yaya Ilunga

Mujikulu wangu Mado, mutoto wa mutoto wangu,

Jambo yako huko Ulaya. Hapa Kampemba tuko bazima, mama yako anakusalimia sana.

Unauliza kama ufute Windows mbele ya kutia Linux. Hapana, mama! Gawa diske, zikae zote mbili.

Wakati wa vita, yaya yangu Ilunga, mukubwa wangu wa tumbo moja, alikimbilia Zambia kwa njia ya Kasenga, akaniachia ordinatere yake. Nilitia Linux kwa nusu ya diske, lakini Windows yake sikuigusa, sawa vile tunaachia musafiri chumba chake.

Mpaka leo hajarudia. Nikiwasha ordinatere, inauliza: Linux ao Windows? Inangojea sekunde kumi, kisha inaingia Linux yenyewe. Mama yako anasema nizipunguze. Nakataa. Zile sekunde kumi, naangaliaka mulango.

Ni mie, kambo yako.