Kinasa Sauti Kilinisikia Mimi Peke Yangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba pia usinicheke mpaka ufike walau katikati ya barua hii, kwa kuwa watu wa nyumbani kwangu hawakunipa hata muda huo. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, niliyefundisha sarufi na imla maisha yangu yote, na hata leo wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa ni watu wazima wenye vitambi, wakiniona njiani huitoa mikono mifukoni. Nilidhani kwa umri huu hakuna kitu kidogo kama kipande cha sabuni kinachoweza kuniaibisha mbele ya ukoo mzima. Kumbe kipo, na nilikinunua mwenyewe, nikakibeba mpaka nyumbani kwa furaha.

Dada yangu mkubwa alikuwa mkunga. Karibu kila mtu katika ukoo wetu alipokewa na mikono yake, na kila mmoja ana hadithi yake ya kuzaliwa ambayo hakuna aijuaye ila Dada. Sasa ameota uvimbe kooni. Daktari amesema uvimbe wenyewe si wa kutisha, lakini umekaa jirani na nyuzi za sauti, na baada ya upasuaji sauti huenda ikarudi, huenda ikarudi nusu, na huenda isirudi kabisa. Binti yake, mpwa wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuja kwangu akasema, "Mjomba, tumrekodi Mama kabla hajaingia hospitali. Mashine nitaishika mimi." Nami, kwa kuwa katika ukoo huu kila kitu chenye vitufe na kijitabu cha maelekezo huletwa kwangu kwa heshima ya elimu, nikamjibu, "Wewe shika sindano, mwanangu. Kazi hii inataka mtu makini."

Basi nikanunua kinasa sauti, nikasoma kijitabu chake chote nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, nikasahihisha makosa ya uandishi ukurasa baada ya ukurasa, na mwishoni nikaandika "Jitahidi zaidi" na kutia saini, ila ukiniuliza kijitabu kilisema nini, sikumbuki hata mstari. Siku ya kwanza mashine ilikataa kuitika. Nikaitikisa, nikaikemea, nikaipiga kofi la mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, kumbe ubavuni ina swichi ndogo ya kufunga vitufe visijibonyeze mfukoni, na aliyeisukuma swichi hiyo ni mimi. Katika kuhangaika huko nikaingia kwenye menyu, nikakuta mpangilio wa imla. Mshauri, moyo uliniruka. Imla! Nikasema, kumbe duniani bado kuna watu wenye adabu, nikauchagua papo hapo. Chini yake nikakuta mpangilio mwingine, ambao mashine hurekodi pale tu inaposikia sauti, na pakiwa kimya hujisimamisha yenyewe, nao nikauwasha, maana ulibana matumizi ya betri. Nikamwita mke wangu nikamwambia, "Tazama mashine yenye nidhamu. Isipokuwa na la kusikia, inatulia." Mke wangu akasema, "Basi ikufundishe na wewe."

Tulikaa sebuleni kwa Dada, alasiri baada ya alasiri. Mimi nilikuwa mezani, mashine mbele yangu ili niione taa yake nyekundu, na Dada alikuwa upande wa pili, kwenye kochi la dirishani penye mwanga, akishona vifungo vya sare za wajukuu. Sasa Dada ana namna yake ya kusimulia. Hana haraka. Huvuta uzi, hunyamaza, na kila anapofika penye uzito hushusha sauti mpaka msikilizaji amsogelee, na sisi wote tumekua tukimsogelea. Mimi safari hii sikumsogelea, kwa kuwa nilikuwa nalinda taa. Kila taa ilipozimika nilisema "Ehee!" kwa nguvu, nayo ikawaka, nami nikaridhika kwamba kazi inakwenda vizuri. Na pale nilipoona anapotosha jambo, nilimrekebisha kwa faida ya vizazi vijavyo: "Hapana, Dada, huo haukuwa mwaka wa mafuriko. Mafuriko yalikuja mwaka uliofuata."

Siku moja alisimulia kuzaliwa kwangu mimi. Alikuwa bado msichana mdogo, naye ndiye aliyeshika taa wakati mkunga wa zamani akimhudumia mama yetu. Akasema, "Ulitoka kimya. Hukulia." Akashusha sauti, akaanza kueleza kilichofuata.

Nikamkatiza. "Dada, hilo haliwezekani. Mtoto asipolia hufa."

Akanitazama juu ya miwani. "Kati yangu na wewe, nani alikuwapo?"

Nikasema, "Sote wawili."

Akakata uzi kwa meno, akahamia hadithi ya mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata nikaukusanya ukoo kusikiliza. Nilisimama, nikatoa hotuba fupi ambayo mke wangu anasema haikuwa fupi, nikabonyeza. Mashine ikasema kwa sauti yangu, safi kabisa, kila herufi mahali pake: "Leo tuko pamoja na msimulizi wetu. Msimulizi, karibu. Ehee. Ehee. Hapana, Dada. Ehee."

Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, mbona Mama hasikiki?"

"Subiri. Anakuja."

Tukasubiri. Ikaja "Ehee", kisha kikohozi, ambacho pia kilikuwa changu. Nikaruka kwenye rekodi ya pili, kisha ya tatu. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, na nyumba nzima ikatetemeka kwa "Mafuriko yalikuja mwaka uliofuata!" Mke wangu akasema, "Mume wangu, hata kwenye mashine humwachii mtu nafasi?" Hapo wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo hata watoto wadogo wananiita Mzee Ehee.

Katika rekodi zote hizo, mshauri, Dada anasikika mara moja tu. Ni pale alipokasirika nilipolirudia lile la mafuriko, akapaza sauti mpaka mashine ikamsikia kutoka kwenye kochi: "Hebu ninyamazie nimalize!" Basi. Hayo tu. Mpwa wangu akaomba nirudishe nyuma kipande hicho. Akakisikiliza, akacheka. Akaomba tena, na safari hii hakucheka. Alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akishona.

Dada mwenyewe alikuwa amecheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi akasema, "Kumbe mimi nilikuja kukusikiliza, mdogo wangu." Nikamwomba turudie, akakataa. "Sauti iliyobaki siipotezi tena. Nitaitumia kuwaaga watu, na kumwonyesha daktari panapouma." Wiki ijayo anaingia hospitali. Mpwa wangu amekisoma kile kijitabu, kati ya masahihisho yangu, akagundua kwamba mpangilio wa imla huifanya mashine imsikie mtu aliye karibu nayo tu, na kwamba ile nidhamu niliyoisifu ndiyo iliyokuwa ikiizima kila Dada aliposhusha sauti, yaani penye uzito hasa.

Mshauri, maneno yaliyopotea yanaweza kufufuliwa? Na kama hayawezi, nimefikiria kuificha mashine ndani ya kikapu chake cha nyuzi, nimchokoze kidogo azungumze bila kujua. Je, ni dhambi, ikiwa nia ni njema? Na kama ni dhambi, nifanye nini? Kwani nimebaki na saa nyingi za sauti ya mtu ambaye hakuna aliyemwomba azungumze.

Ni mimi mwenye kufadhaika,
Mzee Ehee

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu,

Nimecheka, tena mapema kuliko ulivyoomba. Kisha nikarudi pale ulipomtaja daktari, nikaacha kucheka, na nimeitanguliza barua yako mbele ya zote zilizo mezani kwa sababu hospitali haisubiri gazeti.

Nianze na lililo jepesi. Maneno yale hayafufuliwi. Hayakupotea ndani ya mashine, hayakuingia kamwe. Ukiongeza sauti, utajiongeza wewe. Fundi yeyote atakayekuahidi kuyatafuta, muage kwa heshima ufunge mlango.

Kuhusu kikapu cha nyuzi: la. Dada yako amekataa kwa maneno ya wazi, na neno lake ni neno hata kama hukulirekodi. Uzee huu wote unataka kumwibia dada yako sauti kutoka kikapuni? Isitoshe, mashine iliyofukiwa kwenye vifungo itanasa vifungo. Utaukusanya ukoo tena Jumapili kusikiliza kwacha-kwacha, na sijui safari hiyo watakupa jina gani.

Sasa niruhusu nikukaripie kidogo, kwa kuwa naona kazi hiyo umeizoea ukiwa upande wa pili. Usiitupie mashine lawama. Ulikitia alama kijitabu ambacho hakikuwa kimekuja kufanya mtihani. Ulimnyang'anya kazi binti aliyejitolea kuifanya. Ukaiweka mashine mbele yako, siyo mbele ya msimulizi, ikasikia ilichowekewa. Na ulipoona taa imezimika hukujiuliza kwa nini. Uliiamsha kwa "Ehee", ukaendelea. Mpishi anayepika siku nyingi bila kuonja hata mara moja, wewe ungemwambiaje? Ungerekodi dakika moja tu siku ya kwanza, ukaisikiliza, leo tusingekuwa tunaandikiana.

Hata hivyo nakuelewa. Taa ndogo nyekundu ni rahisi kuitazama kuliko shingo ya dada yenye uvimbe. Mtu mwenye hofu hutafuta kitu cha kushika, na wewe ulishika ulichokuta. Hilo nimekusamehe. Mengine utasamehewa na dada yako mwenyewe.

Nenda kwake leo. Usiende na mashine, wala usiende na utangulizi. Kaa kwenye kochi, upande wake, siyo mezani. Mwambie, "Dada, ulisema nilizaliwa kimya, nami sikukuacha umalize. Mpaka leo sijui nililiaje." Kisha funga mdomo. Tia pipi ya mnanaa ikikubidi, ile ngumu isiyoyeyuka upesi. Akikusimulia, umepata. Akisema kwamba amechoka, mshukuru, mshikie uzi atunge sindano, uende zako. Usimwombe kurekodi. Mpwa wako ndiye atakayemwomba, kwa kuwa wazo lilikuwa lake na mama ni wake. Mama akikataa hata hapo, mheshimuni, na msogee karibu msikie kwa masikio mliyozaliwa nayo.

Akikubali, mashine aishike binti. Wewe mpe betri mpya na ukae mbali na menyu. Auondoe mpangilio wa imla, aongeze usikivu, aizime kabisa ile tabia ya kujisimamisha. Kuhakikisha ni rahisi: abonyeze kitufe chekundu, wanyamaze wote wawili, waangalie namba za muda. Zikiendelea kutembea wakati chumba ni kimya, mashine iko tayari. Zikisimama, bado tabia haijatoka. Aiweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwenye stuli iliyo jirani na mama, chini kidogo ya usawa wa mdomo, siyo juu ya meza inayogongwa na mikasi. Feni izimwe. Wajaribu dakika moja, wasikilize kwa vipokea sauti vya masikioni mahali aliposhusha sauti, siyo mahali alipocheka, maana cheko husikika hata kwenye mashine mbovu. Kisha waisukume ile swichi ya ubavuni ili mtu yeyote asiguse kitufe kwa bahati mbaya, hata akiwa mwalimu mkuu. Na kila wakimaliza, rekodi ihamishiwe kwenye kompyuta kabla chai haijapoa.

Wewe utakuwa wapi? Nje ya mlango. Ukimsikia humo ndani anataja mwaka wa mafuriko, na moyo ukikuwasha, nenda kafagie ua. Ua likiwa safi, fagia la jirani.

Maana kuna jambo umeliandika mwenyewe, ukalipita kama mtu anayepita nyumba yake gizani. Ulizaliwa bila sauti, na msichana aliyeshika taa aliona namna ulivyopewa. Leo ni sauti yake iliyo mashakani, na wewe ndiye uliyekuwa umeshika taa. Alikushikia vizuri kuliko ulivyomshikia. Hilo halisahihishwi kwa wino mwekundu, linasahihishwa kwa kukaa kimya.

Rekodi zako za zamani zifute zote ili kuwe na nafasi. Bakisha kipande kimoja tu, kile cha "Hebu ninyamazie nimalize!" Hicho mpe mpwa wako akiweke mwanzo kabisa, kabla ya hadithi ya kwanza. Kazi yoyote nzuri inahitaji utangulizi, Mzee wangu, na huo wa dada yako hauna kosa hata moja.