Fomu ya Taa Imemsahau Mume wa Bibi Siok-bi

Wen-chi, leo mjinga nilikuwa mimi. Cheka mapema tumalize.

Unakumbuka nilivyowabembeleza wazee wa hekalu la mtaani waache daftari, watu waandikishe taa za kuombea wagonjwa kwa fomu yangu ya mtandaoni, ile niliyoiandika kwa lugha ya PHP? Leo kaja Bibi Siok-bi. Mumewe anapasuliwa moyo kesho asubuhi. Kajaza ukurasa wa kwanza, kabonyeza "Endelea", ukurasa wa pili unamwambia: "Jina la mgonjwa halipo."

Mara nne, Wen-chi. MARA NNE kaliandika, mara nne limepotea.

Nikamwambia, "Bibi, unabonyeza vibaya." Nikajaza mwenyewe. Likapotea!

Amri ya session_start(), inayoiambia seva imkumbuke mtu kutoka ukurasa hadi ukurasa, ipo juu kabisa. Kuki, vile vijifaili vya kumtambulisha mtu kwa seva, zimeruhusiwa. Diski ina nafasi. Lakini kila ukibonyeza, seva inakupa sesheni mpya, yaani kumbukumbu tupu, kana kwamba ndiyo kwanza unaingia. Kwa nini? Sijui. Sijui kabisa!

Foleni ikafika mlangoni. Nikajitetea, "Lakini bibi, kwangu nyumbani inafanya kazi."

Akanitazama hivi. "Mume wangu hapasuliwi kwako, mjukuu wangu. Nipe kalamu."