Sauti Tisa za Mama

Jumapili, 3 Agosti 2025

Imewaka! Mtandao wa familia yetu unafanya kazi. Kompyuta ndogo kama kitabu cha nyimbo, iko chini ya TV hapa kwangu Nyakato, na ndiyo imebeba ukoo mzima. Nimeuita Kaya. Hakuna matangazo, hakuna wageni, picha zetu hazitoki nje. Watu ishirini na mmoja wameingia. Grupu la zamani la WhatsApp nimelifunga leo mchana — kwaheri.

Mama alikuja kutoka Butiama nikamwekea kwenye simu yake. Haoni vizuri siku hizi, maandishi yanamkimbia. Nimemtengenezea kitufe kikubwa chekundu: bonyeza, ongea, achia. Akasema, hata mimi hiki nakiweza. Dada Rhobi akanisifu mbele ya watu wote, eti mwalimu wa kompyuta asiyesahau kwao. Nikavimba kichwa. Naandika hapa tu.

Jumatano, 13 Agosti

Shemeji Bonifasi, mume wa Rhobi, anamwaga video za mahubiri. Nane kwa siku! Memori inakaribia kujaa. Nimeweka kizuizi: video na sauti zote zinasubiri idhini yangu kwanza. Maandishi yanapita moja kwa moja. Dakika mbili, kazi imeisha. Kimya kizuri.

Mama alipiga nikiwa darasani. Nikamjibu harakaharaka — Mama, niko kazini, ongea kwenye Kaya, wote tutasikia. Akasema, sawa baba.

Alhamisi, 28 Agosti

Kusahihisha mitihani tu. Rhobi ameandika kwenye Kaya: mbona Mama kimya hivi? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni mambo ya shamba, atazoea polepole. Watu kumi wakaweka alama ya kopa.

Ijumaa, 5 Septemba

Mama ameungua. Jana asubuhi alikuwa anamimina maji ya moto kwenye beseni. Beseni hakuliona. Akamimina mguuni.

Rhobi ameacha cherehani yake Bunda akaenda kwa Mama, na ndiye aliyenipigia. Jicho la kulia limezimika. La kushoto linaona kama moshi. Na wiki iliyopita madaktari wa macho walikuwa Bunda siku tatu, wanapasua bure! Wameshaondoka. Hawakusema watarudi lini.

Rhobi alimgombeza Mama mimi nikiwa bado hewani. Kwa nini hukutuambia? Nikamsikia Mama: "Niliwaambia. Nilikuwaga naongea kwenye hiki kitu cha Mugeta." Rhobi akaniuliza mimi. Nikajibu palepale, bila hata kufikiri — atakuwa alikosea kubonyeza. Na Mama akasema, "Labda. Uzee huu. Mnisamehe."

Nilipokata simu ndipo nikafungua ukurasa wa msimamizi. Nilikuwa sijaufungua tangu ile siku ya video.

Zinasubiri idhini: 40. Thelathini na moja za Bonifasi.

Tisa za Mama.

Mungu wangu.

Nimefunga mlango wa ofisi nikazisikiliza. Ya kwanza ni ya tarehe 14. Wanangu, kanisani wametangaza madaktari wa macho watakuja Bunda, ila lazima mtu aende na wa kumsindikiza. Sipigi simu, Mugeta amesema huku wote mnasikia. Ya tatu: Rhobi, kama una nafasi, hata siku moja. Ya sita, tarehe 25 — "Leo ndio wameanza. Nimeoga, nimevaa gauni la kijani, nimekaa nje hapa. Labda mmoja wenu yuko njiani." Ya saba: wameondoka, si kitu, najua mna kazi. Ya tisa ni ya sekunde nne. Hamjambo wanangu? Halafu kuku analia. Halafu basi.

Sijamwambia mtu. Miriamu mke wangu ameniuliza mbona huli. Nikasema tumbo.

Jumamosi, 6 Septemba

Butiama. Mguu wa Mama umefungwa bandeji mpaka juu ya kifundo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nimefika, yeye ndiye aliyewahi kusema: "Baba, nimekuharibia kitu chako. Nifundishe tena." Na Rhobi: mfundishe taratibu, usimkaripie.

Nikakaa chini karibu na mguu ule. Nikashika kidole chake nikakiweka kwenye kitufe. Akabonyeza, akaongea, akaachia. Sawasawa! Hana kosa lolote.

"Nilikuwa nakosea wapi?"

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nikasema, "Ulikuwa unaachia mapema, Mama."

Naona aibu hata kuliandika. Aliitikia kama mtoto wa shule, akafanya mazoezi mara nne, anahesabu kwa sauti kabla ya kuachia. Moja, mbili, tatu.

Jumapili, 7 Septemba

Wamekuja wote baada ya misa. Ugali, samaki, watu kumi na nne sebuleni. Bonifasi akaanza utani, eti Mama apewe ngoma, simu za kisasa hazimfai. Wakacheka. Mama naye akacheka, anavuta kanga afiche mguu.

Nimetoka. Niko nyuma ya ghala la mahindi, daftari magotini. Nikifuta zile tisa hakuna atakayejua. Kidole kimekaa juu ya Futa muda mrefu. Mimi huyu.

Nimeandika kwenye Kaya: "Mama hakukosea. Ni mimi nilizuia sauti, nikasahau kuziangalia. Na jana nimemdanganya." Nimetuma. Nikachagua zile tisa. Ruhusu.

Simu ya Rhobi inalia ndani. Ya Bonifasi. Sasa zote. Kicheko kimekatika — wanasoma. Mtu amefungua ya kwanza, mwingine ya sita, sauti za Mama zinapandana humo ndani.

Yeye hawezi kusoma nilichoandika. Namsikia anapiga makofi.

"Zimefika! Mugeta! Mugeta uko wapi, njoo usikie, nimeweza!"

Rhobi ametokea mlangoni, simu mkononi, ananitafuta kwa macho. Nafunga daftari.