Kadi Iliyokatwa Sikio

Mwanza,
12 Januari 2003

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini wewe na mama mmeamka salama, na mvua imewaachia nafasi ya kupalilia pamba. Mimi sijambo. Mjukuu wako Joyness anakula na kucheka, ila akipanda ngazi za hapa shuleni ninapofundisha, midomo inageuka zambarau, halafu anachuchumaa ili apate pumzi. Amejifundisha mwenyewe kuchuchumaa.

Tarehe ya India imetoka. Watamfanyia upasuaji wa moyo Chennai. Hospitali inataka nusu ya gharama ilipwe kabla ya kumlaza, tarehe 26 Februari, na asiyelipa siku hiyo kitanda anapewa mtoto mwingine. Kwa hiyo swali ni moja tu, pesa za ng'ombe wetu zitafikaje huko.

Nimezunguka benki za hapa mjini, maana siku hizi zimekuwa nyingi kama maduka ya vitenge. Ya kwanza kadi yao inakata ada kila ukitoa pesa nje ya nchi, kisha inakata tena kwa kugeuza shilingi kuwa rupia. Ya pili wanakata kidogo, lakini kwa siku wanakutolea pesa ya mchicha. Ya tatu wana akaunti ya dola, makato yao ya nje ni madogo kuliko ya wote, na kadi yao hospitali inaipokea. Nimechagua hiyo. Karani alinishauri nichukue na ile ya kwanza iwe ya akiba, nikakataa, kwa sababu nayo ina ada ya mwaka. Zile pesa ni ng'ombe, baba. Sitaki kumpa mtu hata kwato.

Akaunti itakuwa na majina yetu wawili. Fomu nimempa katekista Anatoli akuletee utie sahihi.

Wako mtiifu,
Bintiyo Mektilda

*

Dutwa, Bariadi,
24 Januari 2003

Ng'wana wane Mektilda,

Mwangaluka. Hapa nyumbani ni wazima, isipokuwa mama yako Nyanjige na magoti yake. Fomu nimetia sahihi na dole gumba pia. Wino umegoma kutoka, watu kilabuni wananiuliza nimepiga kura ya nini.

Ila naogopa, sikufichi. Unamkumbuka yule mnunuzi wa pamba aliyekuja soko lilipoachiwa huru? Alivaa vizuri, alisema vizuri, akatupa vikaratasi akaondoka na pamba ya kijiji kizima. Vikaratasi bado ninavyo. Sasa nimeuza ng'ombe kumi na wanne, na badala yao nitakuwa na kipande cha plastiki. Mama yako alitaka azishonee dola kwenye pindo la gauni lako. Nikamwambia mwache, mtoto amesoma.

Lakini jambo moja linanisumbua. Ng'ombe wetu akiibwa, sikio lake linasema ni wa nani. Hiyo kadi ikiibwa huko ugenini, katikati ya kadi za watu wote wa India, itasemaje ni ya kwetu? Pita nayo nyumbani kabla ya safari niione, na mtoto nimnyunyizie maji ya baraka.

Ni mimi baba yako,
Machibya

*

Dutwa, Bariadi,
17 Februari 2003

Ng'wana wane,

Salaam sana. Hatujambo, sijui ninyi. Tangu basi lenu lilipoondoka mama yako anapika chakula cha watu wanne, kisha anabaki anakitazama.

Najua barua hii itakukuta hospitalini, na wakati huo hutanigombeza tena. Ile asubuhi mlipokuwa mnakunywa uji niliichukua kadi nikaikata sikio. Usishtuke. Ni mkato mmoja mdogo ukingoni, upande wa nyuma wenye mstari mweusi, sawasawa na tunavyowakata ng'ombe wetu sikio la kushoto. Nilitumia kisu kilekile. Unamkumbuka ndama aliyeswagwa mpaka Meatu? Sungusungu walimrudisha kwa kusoma sikio lake, hakuna aliyebisha. Basi hata kadi sasa ina mwenyewe. Kisha nikaifunga kwenye kile kitambaa cha mama yako, ndiyo maana nilikusisitizia usikifungue mpaka ufike.

Nilikuwa silali kwa hofu. Sasa nalala.

Baba yako,
Machibya

*

Chennai, India,
22 Februari 2003
Kwa nukushi, kupitia misheni ya Bariadi

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, unisamehe. Joyness yuko hai, anakusalimu.

Asubuhi nilikwenda kwa mhasibu wa hospitali kulipa mapema. Nikafungua kitambaa cha mama mbele yake. Baba, mkato ule nimeuona tangu nilipokuwa nachunga, sikuhitaji kuuliza aliyeukata. Kisu kimepita juu ya ule mstari mweusi. Mashine inasoma pesa kwenye mstari huo! Mhasibu aliipitisha kadi, ikakataa. Akaipangusa kwa shati lake, ikakataa tena. Nikaenda benki tatu za mtaani, mashine zikaitema zote, na mlinzi wa mwisho akaanza kunitazama kama mwizi.

Kadi ya akiba sina. Niliikataa kwa ubahili wangu, nalijua hilo, huna haja ya kuniambia.

Nimepiga simu benki Mwanza. Wanasema mwenye jina la pili kwenye akaunti anaweza kufika mwenyewe, atie sahihi, nao wahamishe pesa moja kwa moja kwenda hospitali. Mwenye jina hilo ni wewe. Hospitali watasubiri mpaka Jumatano saa sita mchana, wala si zaidi, kwa sababu kuna mtoto mwingine kwenye benchi tulilokaa, na mama yake ana pesa mkononi. Jana Joyness alizimia akivaa viatu.

Nina hasira na wewe, baba, na ninaogopa, na sijui kipi kimezidi. Nenda Mwanza.

Mektilda

*

Mwanza,
24 Februari 2003
Kwa nukushi

Ng'wana wane,

Anatoli aliniletea karatasi yako kwa baiskeli jana baada ya misa. Aliisoma kwanza yeye, nikaona uso wake, nikajua. Nimelala stendi ili nifike benki kabla ya mlango kufunguliwa.

Sahihi yangu ilikataliwa mara mbili kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka, haikufanana na ya kwenye fomu. Nikamwambia yule dada wa dirishani, binti yangu, hii mikono imekata kitu isichokijua na sasa inaogopa kalamu. Akanipa maji. Ya tatu ikakubalika, na dole gumba juu yake. Makato ya kuhamisha ni makubwa kuliko ya kadi zote ulizozikataa. Nimewaambia wakate.

Wanasema zitafika keshokutwa. Nikauliza keshokutwa asubuhi au jioni, wakasema keshokutwa. Mama yako sijamweleza habari ya kisu. Ukipata hii usinijibu mengi, hata matusi nitayapokea. Niambie tu kama mtoto anapumua.

Baba yako

*

Bariadi,
8 Machi 2003
Kwa nukushi

Mektilda mwanangu,

Wasalaam. Hii ni ya tatu natuma tangu nitoke Mwanza, na hakuna jibu. Kila siku naenda misheni. Padri amenizoea, siku hizi ananitikisia kichwa toka mbali ili nisijichoshe kufika mlangoni, lakini nafika.

Hatujambo, nikisema kweli hatujambo vibaya. Mama yako ameniuliza kwa nini silisemi jina la mtoto. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alikwenda akakichukua kile kisu akakitupa chooni, akarudi akakaa kando yangu. Afadhali angenigombeza.

Juzi jirani yetu Masele aliniita nikamkatie ndama wake masikio, kama kila mwaka. Nimemwambia macho yamechoka. Macho hayana neno, mwanangu. Nikifikiria kukata kitu chochote naona ile midomo ya zambarau.

Kama pesa zilichelewa, niambie. Kama kuna neno zaidi ya hilo, usimwambie Anatoli wala padri, niandikie mimi. Nitalisoma mwenyewe, taratibu.

Ni baba yako bado,
Machibya

*

Chennai,
11 Machi 2003
Kwa nukushi

Baba yangu,

Shikamoo, na mama shikamoo. Joyness anapumua. Nimetanguliza hilo ili ukae chini kabla ya kusoma mengine.

Pesa ziliingia Jumatano saa tano na nusu. Yule mama mwingine alikuwa amekwishasimama kwenda dirishani. Joyness walimpasua Ijumaa, na jeraha likatunga usaha, homa ikapanda, siku saba akiwa kwenye mipira na mashine, hanijui mimi ni nani. Barua zako zote nilizipata. Ningeweza kukujibu. Kila niliposhika kalamu niliogopa kuandika "yu hai", maana ningetuma, kisha ningerudi wodini nikute si kweli tena. Nisamehe, baba. Ulichokikata nilikwishakusamehe siku waliponiambia sahihi imefika.

Jana alifumbua macho, akaomba uji. Midomo yake ina rangi ya midomo ya watu. Leo walipobadilisha bandeji alijitazama kifuani kwa muda mrefu, kovu linaanzia hapa shingoni mpaka karibu na kitovu, nami nikawa namtafutia neno la kumliwaza. Akanitangulia. Amesema nikuandikie hivi, bila kupunguza:

"Mwambie babu na mimi nimekatwa alama, ndefu kupita za ng'ombe wote. Hata nikipotea huku, watanirudisha Dutwa."

Daktari aliuliza kwa nini mama analia na mtoto anacheka. Mwambie Masele ndama wake wasubiri, utawakata mwezi ujao, na Joyness atakushikia kamba.

Bintiyo,
Mektilda