Mpini wa pampu ya baba

Shoga, hebu sikia haya. Ile pampu ya baiskeli ya marehemu baba imeinua mpini wake yenyewe. Yenyewe! Nimeikuta sebuleni imechomekwa kwenye tairi, hakuna anayeigusa, mpini unapanda polepole kama mtu anayenyanyuka kitini.

Nimepiga yowe hadi mama akatoka jikoni.

Nikajikaza, nikaifungua. Kumbe ukivuta mpini juu, hewa inaingia. Ukiusukuma chini, hewa inakwenda kwenye tairi, na kizibo kidogo cha mpira kule chini kinaizuia isirudi. Sasa hicho kizibo kimelika, kwa hiyo hewa inarudi na kuusukuma mpini. Basi! Nikacheka kwa aibu.

Nikamwambia mama nitanunua kizibo kingine.

"Usithubutu."

Usithubutu, shoga! Mama yangu yule mpole!

"Najua kimelika," akasema. "Baba yako alinieleza mwenyewe." Kisha akaifunga pampu, akairudisha kwenye tairi, akaukandamiza mpini hadi chini, akavuta kiti, akakaa kuutazama.

Ulipoanza kupanda, akaitengeneza kanga yake, akasema, "Umeamkaje, mzee wangu?"